IST yangu taa zinapepesa besi ikigonga, sabufa zinakata kwenye foleni. Ninunue kapasita?

Mtu wa Tabata

Wakuu salaam. Nina IST ya 2004, injini 1NZ, gari yangu ya kwanza, na muziki wa gari nimeutamani tangu nipo chuo napanda daladala. Mwezi uliopita nilipokea mchezo, nikaenda Kariakoo nikachukua sabufa mbili za inchi 12 na ampi moja (mashine ya kukuza sauti) iliyoandikwa wati 2500 ubavuni. Boksi nimechongewa Keko na fundi wa makabati, limepigwa vanishi linang'aa mpaka shemeji yangu akauliza kama ni la kuwekea TV. Kufunga, kijana wa mtaani kwetu alinifungia Jumapili moja kwa elfu 40.

Sasa shida. Usiku besi ikigonga, taa za dashibodi na za mbele zinapepesa kwa mdundo uleule, kama gari nayo inacheza. Nikiwa foleni ya barabara ya Mandela, AC inawaka, dakika kumi na tano hivi sabufa zinakata na taa nyekundu inawaka kwenye ampi. Nikianza kutembea zinarudi. Asubuhi mara mbili gari imegoma, na hii ni otomatiki haisukumwi, nimebustiwa na jirani ambaye ndiye huyohuyo anayelalamikia kelele.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: kelele ipo, bati la namba ya nyuma linalia kama debe, ila ile besi ya kukusukuma mgongo siipati. Kijana aliyefunga kaniambia nizungushe kitufe cha gain kwenye ampi mpaka mwisho. Nimezungusha. Juzi nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Muuzaji anasema ninunue kapasita, kile kikopo cha kutunzia umeme, ya farad moja, laki na ishirini. Mwingine anasema niweke betri kubwa zaidi, ya N70. Nianze na kipi? Napiga amapiano zaidi. Hela imebaki kidogo na mama watoto hajui bei halisi ya ile ampi.

Gogo la Mwembe

Mkuu humo kwenye buti umefunga robo kiwanja cha Chanika. Toa sabufa upakie mkaa.

Ila nimekaa hapa nasubiri mafundi, na mimi nina Vitz inapepesa hivyohivyo.

Fundi Nyaya

Mtu wa Tabata, usinunue kitu. Rudisha pochi mfukoni kwanza.

Mimi nafunga muziki wa magari tangu 1998. Nilianza kwa kumshikia fundi tochi pale Ilala enzi za vipanya, redio za kaseti, tunapachika twita nne darini na abiria wa siti ya nyuma anashuka kichwa kinamuuma. Ugonjwa wako naujua mpaka hiyo harufu uliyoitaja, na kwa sehemu kubwa dawa yake haiuzwi dukani.

Anza na wati. Hiyo 2500 imeandikwa na mpiga chapa. Usisome ubavu wa ampi, soma fyuzi zake. Zipo pembeni ya pale unapoingia waya mnene, za plastiki za rangi; chomoa moja uone namba. Ampi za bei uliyonunua mara nyingi huwa na mbili za 30. Maana yake haiwezi kula zaidi ya ampea 60 kwa muda bila kuzikata. 60 mara volti 14 ni wati 840 zinazoingia. Zinazotoka ni pungufu, nyingine zinaishia kuwa joto, ndiyo sababu ampi ina yale mapezi ya alumini mgongoni. Kama ni ya aina ya Class D, isiyopoteza sana kwenye joto, unapata 650 au zaidi kidogo. Kama ni AB, 500. Na 500 za kweli ndani ya IST ni mzigo, kioo cha kujitazamia kinatetemeka huoni gari la nyuma.

Sasa angalia foleni ya Mandela. Altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, kwa gari dogo kama lako iko kwenye ampea 80 hivi, lakini hizo ni za injini ikizunguka kwa kasi. Ukiwa sailensi, hujakanyaga mafuta, inatoa pungufu sana. Hapohapo feni ya rejeta inataka, feni ya AC inataka, taa za mbele peke yake ni ampea 8 au 9. Kinachobaki hakitoshi ampi, kwa hiyo ampi inanyonya betri. Volti zikishuka mno ampi inajilinda, inakata. Ukitembea, altaneta inaamka, mambo yanarudi. Hapo hakuna jini.

Kapasita ya farad moja: nimezifunga nyingi, nimelipwa, na sasa natubu. Ile kitu ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 inakuwa imetoa jouli 26. Ampi yako ikivuta wati 840, hiyo ni sekunde 0.03. Kope hazijafumba. Singeli inagonga fupi fupi, labda ungedanganyika kidogo, lakini amapiano ile besi inavutwa nusu sekunde nzima, kapasita inakuwa imeshakufa zamani na yenyewe inaanza kudai umeme wake. Laki na ishirini ya taa ya bluu inayoonyesha volti.

Betri N70 ni nafuu kidogo kwa akili, ila betri ni tangi lililo juu ya nyumba, na altaneta ndiyo pampu. Ukiweka tangi kubwa kwa pampu ileile, maji yatachelewa kuisha. Yataisha. Halafu kwenye IST ile N70 haikai kwenye kitako, utaifunga kwa mpira wa baiskeli.

Waya. Toboa ganda la ule waya mwekundu mwishoni, kwangua kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na waya za namna hiyo ganda lake ndiyo nene, ukilivua unakuta kamba ya kiatu. Kwa ampea 60 kutoka boneti mpaka buti ya IST, mita tano hivi, mimi nafunga shaba tupu ya milimita 25 za mraba. Nanunua kwa mafundi umeme wa majumba, hawana habari za wati 2500.

Na kuna fyuzi karibu na betri? Siyo zile za kwenye ampi, ya kwenye waya wenyewe, isipite sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kama haipo, leo usiliendeshe. Niliwahi kuletewa Noah ambayo waya ulipitishwa kwenye tundu la bati, kati ya injini na dashibodi, bila raba. Bati likakata ganda taratibu, mwezi, miezi miwili. Siku lilipofika kwenye shaba mwenye gari alikuwa Buguruni kwenye taa na watoto watatu. Walishuka wote salama. Dashibodi niliitoa kwa koleo.

Ethi nayo. Ule waya mweusi wa ampi umefungwa wapi? Vijana wanapenda bolti ya mkanda au ya siti kwa kuwa ipo tayari. Pale chini kuna rangi na gundi ya kiwandani. Bati linatakiwa likwanguliwe mpaka ling'ae kama sufuria mpya.

Gain siyo sauti. Ile ni ya kulinganisha redio na ampi basi. Ukiizungusha mwisho, ampi inafika kileleni na kilele kinakatwa bapa, na umeme wa kilele bapa unaipika koili, ule waya uliosokotwa ndani ya sabufa. Harufu ya pasi ni gundi ya koili hiyo. Irudishe robo usiku huuhuu.

Kopa testa ya umeme. Muziki ukiwa juu, injini sailensi, tuletee namba tatu: volti za betri, volti za ampi kati ya chanya na hasi, na volti kutoka hasi ya ampi mpaka hasi ya betri. Hiyo ya tatu ndiyo inayosema ukweli kuhusu ethi.

Mama Zamu

Samahani naingilia ya wanaume. Mimi ni nesi, zamu za usiku, nalala saa tatu asubuhi. Dirishani kwangu kuna sehemu ya kuoshea magari. Bajaji ikishaoshwa lazima mwenyewe ajaribu muziki, milango hakuna, sabufa iko chini ya siti ya abiria. Nimenunua pazia zito, nimeweka godoro ukutani. Maneno ya wimbo siyasikii tena, ila ule mdundo unanifuata mpaka kwenye mto. Glasi ya maji juu ya stuli inachora miduara. Nyie mafundi mnaofunga hivi vitu, kwenu hakulaliki pia?

Fundi Nyaya

Dada, pole, na hujaingilia. Kwangu kunalalika kwa sababu nimefungua karakana mbali na ninapoishi, nakubali ni ujanja wa mwizi.

Godoro halitasaidia. Sauti nyembamba, ya twita, ina mawimbi ya sentimita chache, pazia linaikamata. Besi ya hezi 40 wimbi lake ni mita nane na nusu. Hilo haliulizi ukuta wa tofali sita, seuze godoro. Ndiyo maana unapoteza maneno unabaki na mdundo. Njia pekee ni mwenye kitu apunguze au asogee. Sheria ipo: kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, ndio wenye vipimo. Ila kwa uzoefu wangu anza na mwenye eneo la kuoshea. Yeye anauza maji, muziki haumwingizii kitu, akibandika kibao cha "jaribu muziki barabarani" wanatii.

Na hili nalisema kwa Mtu wa Tabata pia. Sikio langu la kushoto lina mluzi. Hauzimi. Ulianza kama mbu, miaka ile nafunga bajaji nne kwa siku na kila moja lazima nikae ndani nisikilize. Kipimo wanachotumia NIOSH, taasisi ya afya kazini kule Marekani, ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 una dakika 15 kwa siku. Gari uliyofunga wewe inafika 100 kabla volyumu haijafika nusu, na foleni ya Mandela haijawahi kuwa ya dakika 15. Wale Wamarekani wa dB Drag Racing, mashindano ya gari lenye muziki mkubwa kuliko yote, wanavuka 150, lakini maiki ya kupimia inabandikwa kwenye kioo cha mbele, milango inafungwa, na kwenye magari makubwa kabisa mtu anasimama nje na rimoti. Hawakai ndani kama sisi.

Siku hizi mke wangu akiniita kutoka jikoni anapiga simu.

Wa Rongai

Niko Nairobi, nimeendesha nganya, matatu ya kupambwa na ngoma, ya Rongai miaka sita, kwa hivyo hii mada ni ya nyumbani. Nyinyi mnafunga kwa kupenda, kwetu ni biashara. Jioni pale stendi za tao, wanafunzi wa chuo wataacha gari mbili za kimya zikiwa tupu na wangoje yenye ngoma, hata nauli ikiwa juu. Gari ya kimya hujaza na wazee. Asubuhi ni kinyume, watu wa kazi wanataka kulala, na dere mwenye akili hushusha bila kuambiwa. Makanga wangu alikuwa hataki, tuligombana kila siku.

Wakati wa sheria za matatu za waziri Michuki, Februari 2004, muziki ulinyamaza kabisa. Mstari wa manjano ubavuni, mikanda, vidhibiti mwendo, michoro ikafutwa. Wazee wanaikumbuka kwa raha. Kisha 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi, na ngoma haikubaki nyuma.

Nilichotaka kumwambia huyu wa IST: shukuru Mungu una volti 12. Isuzu zetu ni 24, betri mbili mfululizo, na ampi ni za 12. Wajanja walikuwa wanachomoa 12 kutoka betri moja tu. Basi hiyo moja inakufa, nyingine inachajiwa kupita kiasi, na tajiri anadhani dere anauza betri. Nilifutwa kazi hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili nilikuwa nimekosa kweli, tuiache.

Gogo la Mwembe

Wa Rongai hiyo ya pili usituachie njiani.

Mtu wa Tabata

Fundi, nimerudi na namba. Testa nimeazima kazini. Fyuzi za ampi ni mbili za 30, kama ulikuwa unaiona. Nimeona aibu kwa niaba ya ile 2500.

Injini sailensi, muziki nilioupigia siku zote: betri 12.6, kwenye ampi 10.9. Hasi kwa hasi, 0.7. Bila muziki betri inasoma 13.9.

Waya nimekwangua, ni mweupe. Ukivua ganda umebaki kama kalamu ya Bic, ile ya ndani yenye wino. Fyuzi ya karibu na betri ipo ila ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya sigara ndani yake, ile ya kung'aa. Kijana nimempigia, anasema iliungua siku anafunga na duka lilikuwa limefungwa.

Ethi kweli iko kwenye bolti ya mkanda wa siti ya nyuma. Nimekwangua bati kwa msasa, nimebana upya, hasi kwa hasi imeshuka hadi 0.1 na ampi inasoma 11.5. Sikuamini, msasa wa mia tano. Jumamosi nikabadilisha waya, shaba, na fyuzi mpya ya 60. Ampi sasa 12.4. Haijakata foleni tangu hapo.

Lakini besi ya mgongoni bado haipo. Gain nimerudisha robo kama ulivyosema na ndiyo imezidi kuwa nyembamba. Nahisi ni boksi la Keko?

Fundi Nyaya

Karatasi ya sigara. Haya.

Boksi linaweza kuchangia. Washa muziki, pitisha mkono uliolowa maji kwenye maungio; ukisikia upepo, paka silikoni kwa ndani. Makabati hayahitaji kuzuia upepo, ndiyo maana fundi wa makabati hajui. Kama limezibwa pande zote, kila inchi 12 inataka lita 30 hivi za nafasi.

Ila umesema kitu tangu siku ya kwanza na mimi nilikimbilia umeme kwa mazoea: kelele ipo, mgongo hausukumwi. Nilitakiwa niulize hili kabla ya yote. Chomoa waya za sabufa kwenye ampi. Chukua betri ndogo ya rimoti, volti 1.5. Waya wa kwanza wa sabufa ya kulia, ule ulioandikwa chanya, gusisha kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye hasi. Gusa tu usishikilie. Tazama koni: inatakiwa iruke kwenda nje. Kisha fanya ya kushoto.

Mtu wa Tabata

Fundi.

Ya kulia imetoka nje. Ya kushoto imeingia ndani. Nimerudia mara nne, nikamwita mwanangu wa darasa la tatu aangalie bila kumwambia kitu, akasema "baba hii inavuta pumzi, hii inatoa."

Yaani mwezi mzima moja inasukuma hewa na mwenzake anaivuta, zinapokezana wenyewe kwa wenyewe, mimi naongeza gain ili zishindane vizuri zaidi.

Nimegeuza waya mbili za ile ya kushoto. Nikaweka wimbo uleule, gain robo ileile, volyumu 14. Mwanangu alikuwa amesimama buti wazi, akarudi nyuma hatua mbili akashika tumbo anacheka. Taa zinapepesa kidogo sana, uangalie ndiyo uone. Betri haishuki chini ya 13. Nimekaa siti ya mbele nimefunga milango, sikufika hata nusu ya wimbo nikapunguza mwenyewe.

Kapasita sinunui. Jirani nimempelekea habari kwamba sasa nitapiga chini zaidi, hajaamini, amesema ataona Jumapili. Mama watoto ameuliza waya wa shaba wa milimita 25 unafanya nini kwenye bajeti ya mwezi huu, hiyo siyo ya jukwaa hili.

Swali la mwisho: bati la namba ya nyuma sasa ndiyo linalia kuliko zamani. Nimekaza skrubu, bado.

Fundi Nyaya

Skrubu zinazidisha. Kata ndala kuukuu vipande vinne, bandika nyuma ya namba kwenye pembe, kisha kaza kiasi. Yangu ina za bluu, mwaka wa sita.